Baba, Wanawe Wawili, na Nyumba 17,447



Ndugu zangu vijana, wazazi mliokuja na watoto, na wewe ndugu msomaji ambaye hukuwako siku ile tulipokaa ukumbini baina ya Alasiri na Magharibi: haya ni yale niliyoyasema, nimeyaandika upya kwa ombi la wahariri. Nimepunguza maneno mahali, na kuna mahali nimeongeza, kwa sababu siku ile adhana ilinikata.

Niliambiwa nizungumze juu ya kijana na biashara. Kusema kweli mada hii inazungumzwa kila Ramadhan, na kila Ramadhan twaambiwa yale yale: vijana amkeni, vijana msingoje kazi za ofisi. Nyote mwayajua hayo. Kwa hivyo niliomba ruhusa niwape kisa cha familia moja tu iliyojenga nyumba. Baba mmoja na watoto wawili wa kiume.

Na kwa nini nyumba? Mimi ni mtoto wa fundi mwashi. Marehemu baba yangu na ndugu zake wawili walijenga nyumba Majengo, Kisauni mpaka Likoni. Walikuwa na mashine moja ya kuchanganya zege na lori moja kuukuu. Karatasi hawakuwa nayo hata moja, yote yalikuwa ni ya mdomo, "sisi si ndugu?" Nilipokuwa darasa la sita wakakosana kwa ajili ya ploti. Wakakosana kweli kweli, hata siku ya kumzika bibi kila mmoja alisimama safu yake. Mashine ya zege ikabaki nyuma ya nyumba yetu ikiota kutu, na sisi watoto tukiifanya mahali pa kujificha. Nitarudi kwenye mashine hiyo.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za jamaa hawa wa Marekani waitwao Levitt, na katika kila ukurasa nikawa namuona baba yangu na ami zangu. Kijana mmoja aliniuliza pale pale ukumbini, "Ustadh, hawa si Mayahudi?" Kwanza mimi si ustadh. Pili, ndiyo, ni Mayahudi, na babu yao alikuwa rabai. Lakini kisa chenyewe ni cha nyumba, na cha mlango wa nyumba: nani afunguliwe na nani afungiwe. Hebu tusikilize.

Abraham Levitt alizaliwa mwaka wa 1880 huko Brooklyn, New York, katika familia maskini ya wahamiaji. Aliacha shule angali mtoto wa miaka kumi hivi, akawa ni mtu wa vibarua. Lakini alikuwa hashibi kusoma. Alijisomea mwenyewe mpaka akaingia kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha New York, akatoka wakili, na kazi yake ikawa ni mambo ya ardhi na nyumba. Akazaa watoto wawili, William mwaka wa 1907 na Alfred mwaka wa 1912.

Ujenzi waliingia kama wengi wetu tunavyoingia katika biashara, yaani kwa bahati mbaya ya mtu mwingine. Kulikuwa na ardhi huko Rockville Centre, katika kisiwa cha Long Island, ambayo mjenzi wake alishindwa kuiendeleza. Mzee akaona badala ya kuiacha ilale, afadhali waijenge wenyewe. Hiyo ilikuwa 1929, mwaka ambao soko la hisa la New York liliporomoka na dunia nzima ikaingia katika dhiki! William alikuwa na miaka 22 akafanywa rais wa kampuni. Alfred hata miaka ishirini hakuwa amefika, na hakuwa amesomea uchoraji wa majengo, lakini ndiye aliyechora nyumba ya kwanza. Kampuni ikaitwa Levitt & Sons, Levitt na Wanawe.

Tazameni walivyogawana kazi, maana hapa ndipo penye siri ya miaka yao ishirini na tano ya kwanza. Mzee alisimamia sheria, ardhi, na kitu kimoja alichokipenda kuliko vyote, miti na bustani. William alikuwa ni ulimi wa kampuni, mtu wa kuuza, kusukuma kazi, kubishana na maofisa. Alfred alikuwa mtu wa kimya na kalamu. Inasimuliwa kwamba kabla ya vita aliacha kazi kwa miezi kadhaa ili aende kutazama tu jinsi nyumba moja iliyochorwa na Frank Lloyd Wright ilivyokuwa ikijengwa huko Great Neck. Hebu fikiria wewe, mwenye kampuni anasimama kando ya mjengo wa mwingine kama kibarua anayengojea kuitwa, ajifunze. Sisi tukishajenga nyumba mbili tunajiita kontrakta na hatuulizi mtu tena.

Mpaka hapo walikuwa wakijengea watu wenye pesa zao. Kilichowabadilisha ni hasara. Mwaka wa 1941 walipata kandarasi ya serikali huko Norfolk, Virginia, kujenga nyumba 1,600 za wafanyakazi wa vita. Wakaanza kwa njia waliyoijua, fundi aanze nyumba na aimalize, kisha aende ya pili. Kazi ikawa haiendi na pesa zinakwenda. Ndipo wakakaa chini wakaipasua nyumba katika vipande, si vipande vya mbao bali vipande vya kazi. Wakapata hatua 27, na kila hatua ikapewa kikosi chake. William mwenyewe baadaye akachukuliwa jeshini, akapelekwa Pasifiki katika vikosi vya ujenzi vya jeshi la majini, na huko akaona zaidi jinsi ya kujenga upesi.

Vita vikaisha 1945. Mamilioni ya askari wakarudi nyumbani, wakaoa, na nyumba za kukaa hakuna. Watu walikaa na wakwe zao vyumba vya nyuma, wengine katika mabanda ya bati ya jeshi. Wazee wetu wa Mombasa wanaijua hali hii bila kuelezwa: maharusi wanalala sebuleni na pazia katikati.

Akina Levitt walikuwa na macho kwenye mashamba ya viazi katika wilaya ya Nassau, mwendo wa maili 25 hivi kutoka New York mjini. Viazi vilikuwa vimeingiwa na mdudu wa mizizi na wakulima wanataka kuuza. Mwezi wa Mei 1947 kampuni ikatangaza kwamba itajenga nyumba 2,000 za kukodisha kwa waliotoka vitani. Katika siku mbili nusu yake zilikuwa zimeshachukuliwa, na hakuna hata tofali lililowekwa! Kulikuwa na kikwazo kimoja: kanuni za mji zilitaka kila nyumba iwe na chumba cha chini ya ardhi, na akina Levitt walitaka kumwaga sakafu ya zege juu ya ardhi basi, kwa sababu kuchimba ni pesa. Siku ya kikao cha mji askari waliorudi vitani wakajaa ukumbini pamoja na wake zao. Kanuni ikabadilishwa.

Sasa nieleze walivyojenga, na mnisamehe nikikawia hapa kwa maana ni damu ya baba yangu. Lori lilipita barabarani na kila futi 60 likashusha fungu moja: mbao zilizokwisha katwa, madirisha, mabomba, misumari, kila kitu cha nyumba moja wala hakuna ziada. Nyuma yake kikosi cha kwanza kinasawazisha ardhi. Kikosi cha pili kinamwaga zege. Wanafuata maseremala wa kusimamisha kuta, wa paa, mafundi wa stima, mafundi wa bomba. Hata rangi ilikuwa na watu wake, huyu wa rangi hii na yule wa rangi ile, hawaingiliani. Kulikuwa na mtu ambaye kazi yake kutwa nzima ilikuwa ni kufunga mashine za kufulia kwenye sakafu, akitoka nyumba hii aingie ya pili. Katika kiwandani gari hupita mbele ya mfanyakazi. Hapa nyumba ndiyo imesimama na mfanyakazi ndiye anayepita. Ilipofika 1948 walikuwa wakimaliza nyumba zaidi ya thelathini kwa siku moja.

Ili wasilanguliwe, walikuwa na kiwanda chao cha mbao huko California na wakatengeneza misumari yao wenyewe. Majiko na friji walinunua kupitia kampuni yao nyingine, wasimpe dalali faida. Vyama vya wafanyakazi hawakuvitaka. Walilipa kwa kazi iliyokwisha, si kwa saa, na aliye mwepesi alipata vizuri na aliye mzito hakudumu. Hilo nimelisema kama lilivyo. Baba yangu asingeweza kufanya kazi kwao hata wiki moja, alikuwa akipenda kusimama, atazame ukuta, anywe kahawa, aurudie.

Nyumba zenyewe zilikuwa ndogo. Futi 25 kwa 32, vyumba viwili vya kulala, na dari juu unayoweza kuifanya vyumba ukizaa. Familia za kwanza ziliingia tarehe 1 Oktoba 1947, kodi dola 60 kwa mwezi. Mwaka wa 1949 wakaanza kuuza, bei dola 7,990, na mwaka uliofuata nyumba zilikuja na televisheni imejengewa ndani ya ukuta wa ngazi. Askari wa zamani hakutoa hata senti ya mwanzo. Siku ya mauzo mwezi wa Machi 1949 watu walilala foleni, na mikataba 1,400 ikatiwa saini. Kazi ilipokwisha 1951 zilikuwa nyumba 17,447, na mji ukabeba jina la familia, Levittown. Julai 1950 picha ya William ilikuwa juu ya jalada la jarida la Time.

Mzee Abraham naye alikuwa na ulimwengu wake. Kila kiwanja kilipandwa miti ya matunda na maua. Wenyeji walikatazwa kujenga ua, wakaamrishwa kufyeka nyasi kila wiki, na kuanika nguo nje siku za mwisho wa wiki ikawa ni marufuku. Aliandika makala za bustani katika gazeti la mji na alikuwa akizunguka mwenyewe kukagua nyasi za watu! Akina mama ukumbini walicheka niliposema hili la nguo.

Kuhusu pesa, msije mkadhani askari hawa walikuwa matajiri. Serikali ya Marekani ilikuwa tangu 1934 ikizidhamini rehani za nyumba, na sheria ya 1944 ikawapa waliotoka vitani dhamana zaidi. Mwenye benki haogopi kukopesha akijua serikali imesimama nyuma. Lakini ni mkopo wa riba, wa miaka thelathini, na hapo kwetu ndipo pagumu. Ni mwaka wa 2008 tu ndipo benki mbili za kufuata sharia zilipofungua milango hapa Kenya. Kabla ya hapo Muislamu aliyeogopa riba alijenga kama baba yangu alivyojengea watu: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mpaka mtoto wa kwanza kaoa paa halijaja. Nimeingia nyumba nyingi za namna hiyo, na sikuona aibu ndani yake.

Sasa tuje kwenye mlango.

Katika mkataba wa kukodi nyumba za Levittown kulikuwa na kifungu cha 25. Kifungu hicho kilimkataza mpangaji kuruhusu nyumba itumiwe au kukaliwa na mtu yeyote asiyekuwa Mzungu, isipokuwa watumishi wa nyumbani. Yaani Mweusi aweza kuingia kuosha vyombo lakini hawezi kuingia kulala. Na walioandika ni akina nani? Wajukuu wa wahamiaji, wajukuu wa rabai, watu ambao wao wenyewe kabila lao lilikuwa likibaguliwa katika mitaa na vilabu vya Marekani ile ile.

Mwaka wa 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Shelley na Kraemer kwamba mahakama haziwezi kutumiwa kutekeleza mapatano ya namna hiyo. Kifungu kikaondolewa kwenye karatasi. Mwendo haukuondoka. Askari mmoja Mweusi aliyetumikia jeshi hilo hilo alikwenda na mchumba wake kutazama nyumba ya mfano, wakaipenda, akamuomba muuzaji fomu. Akajibiwa kwamba wenye kampuni hawajaamua kuwauzia Weusi. Akarudi garini. Aliisimulia safari hiyo ya kurudi akiwa mzee, na bado ilikuwa ikimuuma.

William hakujificha. Alisema yeye binafsi hana chuki na mtu, lakini akimuuzia Mweusi mmoja, Wazungu wengi hawatanunua, na kampuni yake yaweza kutatua tatizo la nyumba au tatizo la rangi, si yote mawili kwa pamoja. Na tuwe waadilifu, serikali yenyewe iliyodhamini mikopo ilikuwa ikipendekeza mitaa ya rangi moja. Lakini ndugu zangu, mtu aliyeweza kujaza ukumbi wa mji na kubadilisha kanuni ya ujenzi kwa jioni moja, ashindwe kabisa kuuza nyumba moja?

Mji wao wa pili ulikuwa Pennsylvania, nyumba 17,311, ulioanza 1952. Agosti 1957 mwenye nyumba mmoja Mzungu akaamua kumuuzia nyumba yake William Myers, Mweusi aliyetoka jeshini, na mkewe Daisy, aliyekuwa na mtoto mchanga mkononi. Habari zilipoenea, jioni ile ile umati ukajaa mbele ya nyumba. Wakavunja madirisha kwa mawe. Usiku kwa usiku, kwa muda wa wiki mbili hivi, watu mamia walisimama pale wakiimba na kutukana, na askari polisi mmoja akapigwa jiwe akazirai. Baadaye nyumba iliyokuwa nyuma yao ikafanywa kilabu, nyimbo zikapigwa kwa sauti ya juu ili mtoto asilale. Akina Myers hawakutoka. Jirani zao wa ukuta, mume na mke Wazungu, walisimama nao, na msalaba wa moto ukawashwa kwa jirani wa aina hiyo pia. Mwisho serikali ya jimbo ikaingia mahakamani na vurugu zikazuiwa. Walikaa miaka kadhaa kisha wakahama kwa kazi. Mwaka wa 1999 meya wa mahali pale alimwalika Daisy Myers arudi, akamuomba radhi hadharani. Alifariki 2011.

Mji wa tatu ulikuwa New Jersey, na huko kulikuwa na sheria ya jimbo dhidi ya ubaguzi katika nyumba zilizopata msaada wa serikali. Kampuni ikapinga mpaka mahakama ya juu ya jimbo, ikashindwa, na mwaka wa 1960 ikaanza kuwauzia Weusi. Mbingu haikuanguka. Nyumba ziliendelea kuuzwa.

Nilipofika hapa ukumbi ulikuwa ukitikisa vichwa, "Wazungu hao!" Nikawaambia subirini. Nairobi iligawanywa kwa rangi na wakoloni, na Pumwani, ambayo wengi wenu mna jamaa huko, ilipimwa miaka ya 1920 ili Mwafrika ajue mahali pake. Hilo twalilaani sote. Lakini nawaulizeni nyinyi wenye nyumba za kupangisha, na wengine mmekaa hapa mbele: mtu akija kuuliza chumba, swali la kwanza ni lipi? Kodi? La. Ni "wewe mtu wa wapi?" Jamaa yangu mwenyewe, mtu wa swafu ya kwanza, alijiwa na kijana wa bara aliyesilimu, mwenye kazi yake na pesa ya miezi mitatu mkononi. Akamwambia chumba kimechukuliwa. Chumba kile kilikaa kitupu miezi minne. Kijana yule Ijumaa huswali nyuma ya jamaa yangu, mstari wa tatu au wa nne, wala hajawahi kumwambia neno. Nilimwambia mimi. Hatujaongea vizuri tangu siku hiyo, na nimeyaandika hapa nikijua atasoma.

Turudi kwa ndugu wawili.

William na Alfred hawakufanana, na mzee alipoanza kuchoka hakukuwa na wa kukaa kati yao. Mwaka wa 1954 wakatengana. William akabaki na kampuni, Alfred akaenda kujenga kivyake. Mwaka wa 1960 kampuni ikauza hisa kwa watu wote. Mzee Abraham akafariki 1962, na Alfred akafuata 1966, akiwa na miaka hamsini na kitu tu. Kampuni ya Levitt na Wanawe ikawa ni ya mtoto mmoja.

Mwaka wa 1968 William aliiuzia kampuni kubwa ya ITT kwa dola milioni 92 hivi, sehemu kubwa ikiwa ni hisa za ITT, si pesa taslimu. Na akafunga mkataba asijenge nyumba ndani ya Marekani kwa miaka kumi. Mtazameni mtu huyu: ana miaka 61, ana jumba la vyumba thelathini, ana meli ya anasa ya futi 237 aliyoipa jina la mke wake wa tatu, na kazi pekee anayoijua amejifungia mwenyewe. Kisha hisa zikaporomoka vibaya, na alikuwa ameziweka dhamana ya mikopo mingine. Akajaribu kujenga nje, Iran, Nigeria, Venezuela. Iliyokuwa Iran ikapotea na mapinduzi ya 1979. Miaka kumi ilipokwisha akarudi Florida, akachukua arbuni za watu, na nyumba hazikujengwa. Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York akamshitaki kwamba amechota mamilioni kutoka mfuko wa sadaka wa familia, mfuko uliobeba jina lao, na akalazimika kukubali kulipa. Sisi tunaojua mali ya wakfu ni nini, hilo halihitaji kufasiriwa.

William Levitt alifariki Januari 1994 katika hospitali ambayo enzi zake aliichangia mamilioni. Gharama za kitanda chake hakuweza kuzilipa. Kampuni yenye jina hilo ilipita mikononi mwa wengine, ikaendelea kujenga Florida, na Novemba 2007 ikaomba hifadhi ya kufilisika. Nyumba zenyewe zingaliko, zimeongezwa vyumba na maghorofa mpaka ile ya asili ni taabu kuiona. Wakaazi Weusi katika Levittown ya New York ni wachache sana hadi leo.

Vijana waliniuliza baada ya swala, sasa sisi tufanyeje na biashara za wazee wetu? Niliwajibu kwa ufupi kwa sababu tulikuwa na njaa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, ni ya kuandika madeni. Kama baba yako na ami yako wana lori la pamoja, andikeni lori ni la nani na kwa mafungu mangapi, wakiwa wangali wazima na wangali wanacheka pamoja. Wataona haya, watakwambia, "Kwani wewe watuombea kufa?" Vumilia. Mimi sikuwa na umri wa kuwaambia wazee wangu.

Na ile mashine. Baada ya baba kufariki nilimuuzia mtu wa vyuma chakavu, kwa kilo, nikapata shilingi elfu tisa. Nikazigawa mara tatu. Fungu la baba tukawagawia warithi wake. La ami mdogo niliwapelekea watoto wake. La ami mkubwa nilimpelekea mwenyewe Kisauni, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia nyumba yake tangu nikiwa mtoto. Alizipokea zile elfu tatu hakuzihesabu, akaziweka chini ya mkeka. Akaniuliza, "Ule mpini wake wa kuzungushia, ulikuwapo?" Nikamwambia ulikuwapo, ila ulikuwa umevunjika. Akasema, "Aliuvunja babako, kazini Likoni," akacheka, kisha akamwita mkewe anitilie uji.

Wabillahi Tawfiq.